Majivu na Nyayo: Watoto wa Akheri na Elimu ya Viumbe wa Kale

Katika vitabu vingi historia ya Akheri huanza usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba, mwaka 1896. Usiku ule wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliokuwa wamefika karibuni tu chini ya Mlima Meru, waliuawa. Na baada yake likaja jeshi la Wadachi kulipiza kisasi, nyumba zikachomwa na mifugo ikatekwa. Habari hiyo ni ya kweli na haifai kusahauliwa. Lakini mtoto anayesomeshwa hiyo tu, wala asisomeshwe nyingine ya kuitangulia, atakua akidhani kwamba nchi yake ilizaliwa siku ile wageni walipoiandika, na kwamba nyuma ya kalamu zao hapakuwa na kitu ila giza na ngano za mababu.

Mashahidi wa zama zilizotangulia wapo, nao hawakuhitaji kalamu. Ni vile vitu ambavyo Kiswahili cha leo huviita visukuku: mifupa iliyogeuka mawe, magome na majani yaliyoacha sura yao katika mwamba, na nyayo zilizopita mahali mara moja tu zikabaki. Kuwafundisha watoto wadogo maisha ya kale kwa njia ya mashahidi hawa si jambo jipya katika Tanzania, nchi ambayo pengine imebarikiwa kwa vitu vya namna hii kuliko nyingi duniani. Jambo la kuuliza ni kwa nini elimu yenyewe, inapomfikia mtoto, aghalabu humfikia kama orodha ya majina magumu na tarakimu ndefu, za kukaririwa leo na kusahauliwa baada ya mtihani.

Ugumu wa kwanza ni wa mahali. Mtoto wa Akheri akichimba shimo la mgomba hapati mfupa wa kale. Udongo wa huko ni mweusi, wenye rutuba na unyevu, unaokuza kahawa na ndizi na kuozesha kila kilichokufa ndani yake. Tena mlima wenyewe, ambao kimo chake kinapita mita 4,500, ni mchanga kwa hesabu ya milima, na haukutulia. Katika zama zilizo karibu sana kwa kipimo cha wajuzi wa miamba, wengi wao wakisema miaka kama 8,000 iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote kwa mara moja, ukamwagika kama uji kuelekea upande wa Kilimanjaro. Na katika mashimo ya kifusi kile maji yakakusanyika, yakawa maziwa ya Momella, ambako heroe huonekana hata leo. Ziwa Duluti, lililo karibu zaidi, ni shimo la volkano ndogo lililojaa maji. Moto wa Meru wenyewe ulionyesha dalili zake za mwisho mwaka 1910, yaani katika umri wa watu ambao wajukuu wao wangali hai.

Basi mwalimu wa Akheri hana mfupa wa kuonyesha. Alicho nacho ni majivu, ijapokuwa aghalabu hajui kwamba anacho. Rutuba ile ambayo wazazi wa watoto wake huilima ni majivu ya mlima yaliyooza kwa mvua na miaka. Na majivu ya mlima, mahali pengine upande wa magharibi, ndiyo yaliyohifadhi ushahidi ambao hauna mfano wake duniani.

Mahali hapo ni Laetoli, katika nyika za Ngorongoro, kusini ya bonde la Olduvai. Yapata miaka 3,660,000 iliyopita volkano ya jirani ilitema majivu laini, yakatandaza nchi kama unga. Kisha mvua ikanyesha, si mvua kubwa ya kusomba, bali manyunyu ya kulowesha; hata matone yake yenyewe yameacha vishimo vyao. Juu ya tope lile wakapita wanyama: tembo na twiga, vifaru, swala wadogo kwa wakubwa, sungura, kanga, na farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Majivu yale yalikuwa na chumvi za namna ya pekee, ambazo zikilowa kisha zikapigwa na jua hushikamana kama saruji. Mlima ukatema tena, na majivu mapya yakafunika yale ya kwanza kabla upepo haujayaharibu. Mtu anayetaka kuelewa jambo hili bila kitabu autazame Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, na ambao mwaka 1966 na tena mwaka 2007 ulimwaga majivu ya jamaa hiyo juu ya malisho yao.

Namna nyayo hizo zilivyogunduliwa yafaa wasimuliwe watoto kwanza kabla ya jambo jingine lolote, maana ziligunduliwa kwa mchezo. Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa wageni wa Mary Leakey walikuwa wakirejea kambini jioni, wakaanza kurushiana kinyesi kikavu cha tembo kama watoto watokao shule. Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akaanguka kifudifudi. Na alipotazama chini, mbele ya pua yake palikuwa na nyayo za wanyama zilizoganda katika jiwe. Miaka miwili baadaye, 1978, Paul Abell akaona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Kazi ya kufukua ikapewa Ndibo Mbuika, fundi mwenye mkono mwepesi na jicho kali, naye ndiye aliyerudi na habari kwamba nyayo zipo kweli. Katika msimu ule na ule uliofuata zikafuliwa nyayo kama sabini, katika mstari wa karibu mita 27. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mdogo, akienda kando. Na nyuma ya mkubwa alikuwapo mwingine aliyekuwa akikanyaga katika nyayo za yule aliyemtangulia, kama watoto wafanyavyo mpaka leo wanapomfuata mzee katika njia yenye tope.

Hapo ndipo mwalimu wa Akheri anapoweza kuingia darasani bila woga. Hana haja ya kuanza na neno zamadamu, wala na jina la Kilatini. Na aanze kwenye mfereji. Mifereji ya Wameru, inayoteremsha maji ya mlima mpaka mashambani, huacha kando yake tope laini kila asubuhi, na hakuna mtoto wa miaka saba wa pande hizo asiyejua kulisoma. Anajua kwato za ng'ombe na za mbuzi, kwamba zote zimepasuka lakini za mbuzi ni nyembamba zenye ncha. Anajua kwamba mbwa huacha alama za kucha, na paka huzificha. Anajua alama ya aliyekimbia, kwa jinsi vidole vilivyochimba na hatua zilivyoachana, na pengine anajua hata ni nani aliyepita, kwa kuwa mguu wa ndugu yake anaujua. Elimu hii hakufundishwa na shule, na mara nyingi shule haimwulizi habari zake. Lakini ndiyo ile ile iliyotumiwa Laetoli. Tofauti ni umri wa tope.

Mwalimu akishakubali kwamba wanafunzi wake wanajua kusoma tope, mengine huja yenyewe. Mtoto akikanyaga katika beseni la udongo wa mfereji, udongo ukakaushwa juani, kisha ukafunikwa kwa majivu ya jikoni na kuachwa juma zima, siku ya kufukuliwa kwa kijiti na brashi ya manyoya atakuwa amefanya kazi ya Ndibo Mbuika kwa mikono yake. Atauona mguu wake kama mgeni. Ataona kisigino kilichozama kwa sababu ndicho kilichotangulia kubeba mwili, uti wa unyayo ulioinuka, na dole gumba lililokaa sambamba na vidole vingine. Akiambiwa kwamba sokwe ana dole gumba la mguu lililojitenga kando kama la mkono, na kwamba nyayo za Laetoli haziko hivyo, bali zinafanana zaidi na huu wake, atakuwa ameelewa kwa dakika chache jambo ambalo wataalamu walibishana juu yake kwa miaka mingi. Kwa maana wengi walidhani kwamba binadamu alikuwa kwanza na ubongo mkubwa, ndipo akasimama. Na majivu yakashuhudia kinyume chake, kwamba miguu ilitangulia. Viumbe wale walitembea wima kabla ya zana za mawe za kale kabisa zinazojulikana, na kichwa chao kilikuwa bado kidogo.

Liko tatizo la miaka. Mtoto ambaye bibi yake ni mkongwe kwa sababu ana miaka themanini hawezi kushika maana ya milioni tatu na laki sita na elfu sitini. Wala mtu mzima hawezi, ila amezoea kulitamka. Njia moja ni kuitembea. Hatua moja ya mtoto, ambayo ni kama nusu mita, ihesabiwe kuwa miaka elfu. Kutoka mlangoni pa darasa, hatua mbili tu na Masiya azaliwa. Kisa cha Ovir na Segebrock, ambacho vitabu hukifanya mwanzo wa mambo, hakifiki hata robo ya hatua. Ni upana wa vidole vinne vya mkono. Hatua ya nane, na ubavu wa Meru wabomoka. Ili kumfikia Zinjanthropus wa Olduvai itakuwa hatua 1,800 au karibu ya hizo, darasa zima likiwa limekwisha kutoka katika uwanja wa shule na kupita migomba ya majirani. Kwa Laetoli ni hatua 3,660, nazo ni mwendo unaokaribia kilomita mbili. Na akitaka kumfikia yule mnyama mkubwa wa Tendaguru, aliyekufa yapata miaka milioni 150 iliyopita, mtoto huyo angeendelea kwa miguu mpaka Moshi, aipite, na jioni asingekuwa amerudi nyumbani. Mtoto aliyechoka miguu hasahau somo la namna hii.

Hapana budi mmoja atauliza: Mwalimu, aliyekuwapo akahesabu ni nani? Swali hili lisikemewe, kwa kuwa ndilo swali la historia yote. Jibu lake pia limo katika majivu. Ndani ya majivu ya volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole, kwa mwendo usiobadilika, ikawa gesi ya agoni. Mlima unapotema, gesi ya zamani hutoka, na hesabu huanza upya. Kadiri miaka inavyopita ndivyo gesi inavyojilimbikiza katika punje. Apimaye gesi hupata umri. Kwa njia hiyo mwaka 1961 ilitangazwa kwamba tabaka la Zinjanthropus lina miaka 1,750,000, nao ulimwengu ukashangaa, maana wengi hawakutazamia hata nusu yake. Kwa hiyo majivu ni ukurasa, ni saruji, na tena ni saa.

Swali jingine huja kwa sauti ya chini, nalo ni la kanisani. Wameru wengi ni Walutheri, na mtoto aliyesikia siku ya Jumapili habari za Adamu huweza kuona Jumatatu kwamba anatakiwa kuchagua kati ya mchungaji na mwalimu. Wako walimu wanaoliruka somo kwa sababu hiyo, na wako wanaolifundisha kwa kejeli, wakidhani kejeli ni elimu. Wote wawili wamemkosea mtoto. Unyayo katika jiwe hausemi neno lolote juu ya Muumba. Unasema tu kwamba mtu fulani alipita hapa, mvua ilipokuwa imetoka kunyesha. Mwalimu mwenye busara humwachia mtoto unyayo huo autazame, na maswali ya imani huyaacha kwa wenye dhamana nayo.

Jambo linalotia uchungu katika habari hizi zote ni kwamba watu wa nchi walikuwapo tangu mwanzo wa uvumbuzi, ila elimu iliyotokana nao haikuwarudia upesi. Mwaka 1935 aliyewaongoza akina Leakey kutoka Olduvai kwenda Laetoli alikuwa mtu aliyeitwa Sanimu, aliyekuja na habari, na visukuku mkononi, kwamba kusini kuna mahali penye mifupa ya mawe. Mwaka 1974 Maundu Muluila ndiye aliyeliona taya la Laetoli ambalo lilikuja kuwa kielelezo cha kuitia jina jamii nzima ya viumbe wale. Na kabla yao wote, huko Tendaguru katika nchi ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya watu waliotoka katika njaa na misiba ya Vita vya Majimaji walichimba mifupa chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, wakaibeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani. Yule ambaye watu humwita mjusi mkubwa, ingawa si mjusi, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake kikipita mita 13, naye angali amesimama huko. Watoto wa Berlin wamekua wakimtazama. Wa Lindi wamesikia tu. Mwaka 2019 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Ni heshima ya haki, ila jina haliwezi kupandwa na mtoto kwa macho kutoka mguuni mpaka kichwani.

Fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lilipata bahati njema zaidi. Lilirudishwa nchini mwaka 1965, likawekwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kurudi kwake kuliafikiana na majira: taifa changa lilikuwa likitafuta historia isiyoanzia kwa wageni, na baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Olduvai ikaingia darasani. Kizazi kizima kikajifunza kwamba chimbuko la binadamu liko kwao, na fahari ile haikuwa ya bure. Hata hivyo iliingia kama maneno. Zama za kale za mawe, zama za kati, zama za mwisho: ubao ukajaa, madaftari yakajaa, na watoto wachache sana wakapata kushika jiwe.

Watoto wa Akheri wamekaribia kidogo kuliko wengine. Mjini Arusha, mwendo usiofika kilomita ishirini, liko Boma la Wadachi, ambalo tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lenye maonyesho ya chimbuko la binadamu. Mwalimu awapelekaye huko na asikose kuwaambia jambo moja mlangoni. Kuta zile zilijengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa kazi ya kulazimishwa, na waliolazimishwa walikuwa Waarusha na Wameru, baada ya vita vile vilivyofuata vifo vya mwaka 1896. Mtoto wa Akheri huingia kujifunza zama za kale kabisa katika nyumba ambayo mawe yake huenda yalibebwa na babu wa babu yake.

Nyayo zenyewe za Laetoli haziwezi kumfikia, wala yeye kuzifikia. Zilifukiwa mwaka 1979 ili zisiharibiwe. Lakini katika udongo uliotumika mlikuwa na mbegu za migunga, ikaota, na baada ya miaka kadhaa ikahofiwa kwamba mizizi inapasua kile kilichonusurika na volkano. Ndipo Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani, ikazifukua tena mwaka 1995 na 1996, ikang'oa mizizi, ikazitengeneza, na kuzifunika upya kwa mchanga, nguo maalumu na mawe. Kabla ya kufunikwa, laiboni wa Wamaasai alifanya ibada mahali pale, kondoo akachinjwa, na watu wa jirani wakaonyeshwa kilichomo na kuombwa wakilinde. Hekima ya jambo hilo ni kubwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamkataza mtu kuchimba bila kibali, lakini sheria haikai nyikani mchana kutwa. Mtoto wa mchungaji hukaa. Kisukuku kilichookotwa na kutiwa mfukoni hakina tena tabaka wala jirani, na hakuna awezaye kukiuliza umri wake. Mtoto aliyefundishwa kukiacha mahali pake, kupaweka alama na kwenda kumwambia mtu mzima, huyo ni mlinzi ambaye hakuna mshahara unaoweza kumnunua.

Na bado vipo vya kuonwa. Mwaka 2014 na 2015 Profesa Fidelis Masao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho, walikuta nyayo nyingine mpya, mita 150 tu kutoka zile za kwanza, katika majivu yale yale. Mmoja wa waliopita alikuwa mkubwa, kimo chake kikikadiriwa kuwa sentimita 165, na unyayo wake sentimita 26. Kipimo hicho mtoto anaweza kukichora kwa chaki sakafuni, akaweka mguu wake ndani, na kuona nafasi iliyobaki mbele ya vidole vyake. Wenzake watapanga foleni nao waweke. Mdogo kuliko wote, ambaye mguu wake ni mfupi mno, atauliza yule aliyekuwa akienda kando ya mkubwa kule Laetoli alikuwa na miaka mingapi, na kama alishikwa mkono.